Kuona rimu na tairi mpya kwenye Hilux kwa kompyuta kabla ya kununua

Pikapu_Mikindani: Wakuu, habari za leo. Gari ni Hilux Revo, rimu 17x7.5 (kipenyo na upana kwa inchi) ofseti 30 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu; ikipungua rimu inatoka nje), tairi 265/65R17. Nataka kuona itakavyokaa na 285/70R17, au rimu za inchi 20, kabla sijaagiza Dar. Programu za simu zinabandika chochote na kila kitu kinapendeza. Nifanyeje picha iwe ya kweli? Inaingia mchanga wa Msimbati, Mtwara, kila wiki.

Picha_na_Futi: Programu hizo hazijui ukubwa wa gari lako, zinavuta rimu mpaka ijae. Tumia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, ni ya bure. Egesha pahali tambarare, usukani umenyooka, piga ubavuni kabisa, kamera iwe usawa wa habu. Simama mita 8 hivi, zumu mara 2. Ukisogea karibu gurudumu linavimba na hesabu yote inaharibika.

Pima tairi kwa mlalo, si wima, maana chini imebonyea kwa uzito. Kipenyo chake ni ubavu (asilimia 65 ya upana wa 265) mara mbili, jumlisha inchi 17 za rimu: 265 × 0.65 × 2 + 431.8 = milimita 776. Likitoka pikseli 388 kwenye picha, pikseli 1 ni milimita 2. Basi 285/70R17, ambayo ni 831, ichore pikseli 415, kisha pandisha bodi pikseli 14, kwa kuwa gari linanyanyuka nusu ya tofauti. Wengi husahau hilo, tairi inaonekana imemezwa na madigadi.

Kosa jingine: inchi 17 hupimwa pale tairi inapokalia, si kwenye ukingo. Ukingo huongeza karibu milimita 17 kila upande, kwa hiyo rimu unayoiona ni kama 466. Ukiichora 432 itakuwa ndogo kuliko hali halisi.

Fundi_Chikongola: Hesabu safi, ila picha ya ubavuni haioni kina. Chukua 17x9 ofseti -12, zinazopendwa sana: ukingo wa nje unatoka milimita 61 zaidi ya sasa. Kwenye picha hutaona tofauti, barabarani matope yanapaka milango na beringi za habu zinaelemewa. 17x8 ofseti 20 inatoka 16 tu.

Na 285/70R17 bila kunyanyua gari hukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi usukani ukikatwa mwisho. Kata kulia na kushoto, pima nafasi nyuma ya tairi ya mbele. Tairi mpya itakula milimita 27 hapo, na ofseti ikipungua inakula zaidi. Spidi nayo: saa ikisema 100, unakwenda 107.

Rimu iwe 6x139.7 (matundu 6 ya nati kwenye duara la milimita 139.7), tundu la kati milimita 106.1. Likiwa kubwa zaidi, weka pete ya kuziba nafasi. Kama nati zako zina washa bapa, usizifunge kwenye tundu la mteremko. Nunua za koni, M12x1.5 (unene wa stadi milimita 12, nafasi ya nyuzi 1.5).

Pikapu_Mikindani: Asanteni sana. Na za 20?

Fundi_Chikongola: 265/50R20 ina kipenyo 773, kwa hiyo hakuna kitakachokwaruza. Lakini ubavu wa tairi unashuka kutoka 172 hadi 132. Kwenye mchanga wa Msimbati unapunguza upepo mpaka psi 18 hivi ili tairi itandae; ubavu mfupi hautandai vya kutosha, na jiwe moja linafika kwenye rimu. Baki na 17, ndugu yangu. Weka 265/70R17: kipenyo 803, gari linapanda milimita 13.

Picha_na_Futi: Hiyo ichore pikseli 401, bodi pandisha 7.