Nimepangiwa kuitetea kamati iliyoiacha Florida State nje ya mtoano: naomba ushauri wa hoja

MtotoWaPangani:

Salaam, waungwana. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Marekani, na katika somo letu la mijadala mwalimu amenipangia upande ambao moyo wangu haupo. Mada inasema kwamba kamati inayoteua timu za mtoano wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ilitenda haki mwezi Desemba 2023 ilipoiacha nje Florida State, na mimi ndiye nitakayesimama kuitetea kamati hiyo.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, Florida State ilishinda mechi zake zote 13, ikatwaa ubingwa wa konferensi yake ya ACC (konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindana kama ligi moja), kisha ikapangwa ya tano wakati nafasi zilikuwa nne. Nafasi ya nne ilipewa Alabama, iliyokuwa imefungwa mechi moja na Texas, tena katika uwanja wake wa nyumbani. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Jordan Travis, kwotabeki wa Florida State, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa ameumia vibaya mguu mwezi Novemba, hivyo timu haikuwa ile tena. Kwetu sisi tuliokulia kwenye msimamo wa ligi, ambako pointi zikitimia hakuna wa kukuuliza mshambuliaji wako yuko wapi, jambo hili ni dhuluma tupu. Je, ipo hoja ya kweli ya kuitetea kamati, au nijiandae kushindwa kwa heshima?

Mkokotozi:

Hoja ipo, ndugu yangu, na ina nguvu kuliko unavyodhani, lakini usianzie Florida State. Anzia kwenye ratiba. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16, na kila moja hukutana na nyingine zote nyumbani na ugenini, ndiyo maana baada ya mechi 30 hakuna anayehitaji kamati. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, nyingi zikiwa dhidi ya wapinzani wa konferensi yake. Kwa ratiba ya namna hiyo, huwezi kulinganisha rekodi za timu mbili ambazo hazikukutana bila mtu fulani kuamua kwanza ni ipi iliyopambana na wagumu zaidi. Hata anayesema tuhesabu ushindi basi, naye ametoa uamuzi wake, kwamba ratiba zote zina uzito mmoja.

Kisha wakumbushe wasikilizaji kwamba njia nyingine zimekwisha kujaribiwa. Wanahabari walianza kupiga kura za shirika la habari la AP mwaka 1936, makocha wakawa na kura yao kuanzia 1950, na msimu wa 1997 kura hizo zikatoa mabingwa wawili, Michigan kwa wanahabari na Nebraska kwa makocha. Msimu uliofuata ukaletwa mfumo wa BCS, uliochanganya kura na kompyuta, na watu wakadhani ugomvi umekwisha. Mwaka 2003 mfumo huo ukaipeleka fainali Oklahoma, iliyokuwa imetoka kufungwa 35 kwa 7 na Kansas State katika fainali ya konferensi yake, ukaiacha nje USC iliyokuwa ya kwanza katika kura zote mbili. Kompyuta hazikukosea kujumlisha. Zilipewa kanuni, zikaifuata, na matokeo ya kanuni hayakuwapendeza watu. (Tangu 2002 zilikuwa zimekatazwa hata kuhesabu tofauti ya pointi, ili makocha wasiwe na sababu ya kuwaadhiri wanyonge. Nia ilikuwa njema, ila tangu hapo ushindi wa pointi 1 na ule wa pointi 40 vikawa kitu kimoja. Orodha ya FIFA nayo, kwa kanuni ya 2018, haitazami tofauti ya mabao.)

Sasa turufu yako. Ndani ya orodha yoyote ya aina hii yamebanwa maswali mawili yasiyofanana: nani amefanya makubwa zaidi msimu huu, na nani ana uwezo zaidi leo. Florida State ina jibu zuri kwa swali la kwanza. Kamati ilikuwa imeagizwa kutafuta timu bora, na mwongozo wake ulisema tangu awali kwamba kukosekana kwa mchezaji muhimu, kama kunaweza kuathiri mechi zijazo, ni jambo la kuzingatiwa. Haikutunga sharti jipya usiku wa uamuzi. Ukisimama hapo, mpinzani wako atalazimika kuulaumu mwongozo, na mada yenu inaihusu kamati.

MkaziWaOrlando:

Mkokotozi amepanga vizuri, ila MtotoWaPangani ajue kitakachomkuta. Mpinzani mwenye akili atamtajia Ohio State ya 2014. Msimu ule kwotabeki wao, Braxton Miller, aliumia kabla mechi hazijaanza, aliyempokea, J.T. Barrett, akaumia katika mechi dhidi ya Michigan. Fainali ya konferensi ikaangukia mikononi mwa kwotabeki wa tatu, Cardale Jones. Kamati ikaiingiza timu hiyo katika nafasi ya nne, na kuiteremsha TCU kutoka ya tatu hadi ya sita ingawa TCU ilikuwa imeshinda 55 kwa 3 wiki hiyo hiyo. Ohio State ikaishia kuwa bingwa kwa kuifunga Oregon 42 kwa 20. Kama taji linaweza kutwaliwa na kwotabeki wa tatu, kamati ilijuaje mwaka 2023 kwamba Florida State isingeweza?

Nami, kwa kuwa ninaishi Orlando, siwezi kunyamaza kuhusu UCF, timu ya chuo cha hapa kwetu, ya 2017. Haikufungwa mechi hata moja, na kamati ikaiweka ya 12. Ikaifunga Auburn 34 kwa 27, Auburn ile ile iliyokuwa imezifunga Alabama na Georgia msimu huo, timu mbili zilizokutana katika fainali ya taifa. Hakukuwa na majeruhi wa kusingiziwa. Lilikosekana jina kubwa tu.

MtotoWaPangani:

Nashukuru sana. Hilo la Ohio State limenitia hofu. Vilevile, naruhusiwa kutumia kipigo cha 63 kwa 3 ambacho Florida State ilikipata kwa Georgia baada ya kuachwa?

BabuShebe:

Usikiguse, mwanangu. Wachezaji wengi wa Florida State walikuwa wamejitoa katika mechi hiyo. Tena kamati haikuwa na matokeo hayo mezani siku ya kuamua, na ukiyaleta utakuwa umempa mwenzako ruhusa ya kulileta taji la Ohio State.

Mkokotozi:

Babu amesema kweli. Kuhusu Ohio State, jibu ni kwamba kamati haikulazimika kubashiri, kwa sababu Jones alikuwa amekwisha kucheza mbele ya macho yao, na Wisconsin ikafungwa 59 kwa 0. Florida State bila Travis nayo ilionekana mara mbili, ikaifunga Florida 24 kwa 15 na Louisville 16 kwa 6, mechi ya pili ikiongozwa na kwotabeki wa tatu, Brock Glenn. Ilishinda zote, hilo usilifiche, lakini mashambulizi yake yalikuwa yamedhoofika. Uwe mwangalifu katika maneno yako: mwongozo haupendi kuhamasisha timu zitafute ushindi wa pointi nyingi, hivyo zungumzia namna walivyoshambulia, wala usiweke 59 na 16 kando kwa kando kana kwamba hesabu hiyo inatosha.

UCF ya 2017 mwachie. Hakuna utetezi mzuri wa nafasi ile ya 12, na mtu anayekubali moja kwa uaminifu husikilizwa zaidi katika lile analolikataa.

MkaziWaOrlando:

Mimi siafiki kwamba UCF aiache ipite hivyo. Ikiwa kamati hii ina desturi ya kuyapendelea majina makubwa, basi uamuzi wa kuichagua Alabama ni lazima upimwe kwa desturi hiyo.

BabuShebe:

Basi jiandae pia kwa upanuzi. Mpinzani wako atasema kwamba kuongezwa timu za mtoano kutoka 4 hadi 12 msimu wa 2024 ni kukiri kosa. Si kweli, kwa sababu upanuzi huo ulipitishwa mwaka 2022, kabla Travis hajaumia. Wala haukuleta amani: mwaka 2024 watu waligombana iwapo SMU iliyofungwa mechi mbili iingie mbele ya Alabama iliyofungwa tatu, na Arizona State, iliyokuwa ya 12 katika orodha ya kamati, ikapewa nafasi ya nne na kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza kwa kuwa tu ilikuwa bingwa wa konferensi. Msimu uliofuata wakaibadili kanuni hiyo.

MtotoWaPangani:

Nimeelewa. Nitafungua kwa ratiba, nitaingia kwenye maswali mawili, kisha nitausoma mwongozo neno kwa neno. UCF nitaikubali mapema kabla hajanitajia. Moyoni bado niko na Florida State, ila sasa ninaweza kuzungumza dakika zangu zote bila kuona haya.

MkaziWaOrlando:

Kila la heri. Kama mpinzani wako anahitaji msaada, mpe anwani ya uzi huu.