WAPANGAJI NGAZI MOJA (wanakikundi 14)

Jumanne

Mama Pacha 06:41
Habari za asubuhi majirani. Nadhani kila mtu ameupata ule ujumbe wa jana usiku. Kodi inapanda mwezi ujao, tulipie kwa namba mpya, na asiyetaka aondoke mwisho wa mwezi huu. Naomba MTU YEYOTE ASILIPE kwenye hiyo namba.

Mama Pacha 06:43
Aliyeutuma anajiita msimamizi. Msimamizi wa nani? Mzee mwenye nyumba tunamjua na namba yake tunayo.

Mama Pacha 07:15
Naona mmesoma watu 11. Hamna vidole?

Kaka Gitaa 07:32
Vidole viko kazini mama

Mlango wa 8 07:50
Mimi nilishalipa jana ile ile 😬

Mama Pacha 07:50
Kwa nani???

Mlango wa 8 07:51
Kwa hiyo namba. Nilitaka kuwahi.

Mama Pacha 07:51
Kuwahi nini jamani, mwezi wenyewe haujaisha!

Wakili Mtarajiwa 08:04
Mlango wa 8, usifute chochote. Ujumbe wa malipo na ule wa msimamizi, vyote viwili vipige skrinishoti. Halafu mwandikie mzee kwa namba yake ya siku zote, muulize kama huyo ni mtu wake na kama hela imefika. Mwandikie, usimpigie. Simu haiachi alama.

Kaka Gitaa 08:05
Yangu inaacha, shavuni. Inachemka ile simu

Mama Pacha 08:06
Kaka Gitaa nakuomba leo tu.

Mama Pacha 08:20
Wakili waeleze hawa watu kama ulivyonieleza kwenye ngazi. Kwa kirefu.

Wakili Mtarajiwa 08:47
Sawa. Bado nasoma jamani, sijawa wakili, jina alinipa Kaka Gitaa. Ila haya ni ya msingi.
Chukueni mikataba yenu muangalie tarehe. Kama una mkataba wa muda maalumu na haujaisha, bei iliyoandikwa ndiyo bei mpaka siku ya mwisho, labda kuwe na kipengele kinachomruhusu kupandisha katikati. Kitafuteni hicho kipengele, huwa wanakificha karibu na mwisho. Kama mkataba uliisha ukaendelea kulipa naye akaendelea kupokea, kwa kawaida unahesabiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Huyo kodi yake inaweza kupandishwa na anaweza kuambiwa ahame, lakini kwa notisi, tena ya maandishi, yenye muda unaotambuliwa na sheria. "Asiyetaka aondoke" siyo notisi.

Wakili Mtarajiwa 08:49
Na jambo moja msilifanye: msigome kulipa kodi. Najua kuna mtu anawaza hilo. Ukiacha kulipa unampa sababu ambayo hakuwa nayo. Lipa kodi ya zamani, tarehe ile ile, kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Fundi wa 2 09:30
Ndiyo nilikuwa nawaza hilo

Mama Pacha 09:31
Tunajua.

Mpangaji Mpya 10:12
Samahani, mimi nina mwezi mmoja tu hapa. Kuna anayejua kitasa cha chini kikibadilishwa funguo zinagawiwa vipi? Nimemwona mtu anapima mlango wa nje.

Mama Pacha 10:13
ANAPIMA MLANGO???

Mama Pacha 10:13
Mpige picha!

Mpangaji Mpya 10:20
Ameshaondoka. Ila nina picha za chumba changu zote tangu siku ya kuingia, kuta, sinki, mita ya umeme inavyosoma. Nilimtumia mzee siku ile ile ili asije akanikata dipoziti kwa ufa nilioukuta.

Kaka Gitaa 10:22
Ufa wa chumba cha 3? Huo umenizidi umri. Tuuamkie kwanza

Dada Nesi 10:40
😂😂 ufa shikamoo

Mama Pacha 10:41
Mnacheka na mtu anapima mlango.

Wakili Mtarajiwa 11:02
Kubadilisha kitasa siyo kosa kama kila mpangaji anapewa ufunguo. Kosa ni kukufungia nje, au kukata maji na umeme ili utoke mwenyewe. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya mahakama, hata kama anadaiwa. Hata Umoja wa Mataifa umeliandika: haki ya makazi imo kwenye Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 25, na mwaka 1997 kamati yao ya haki za kiuchumi na kijamii ikafafanua kwamba watu wasiondolewe bila kushauriwa, bila notisi ya kutosha, na bila pa kukata rufaa.

Kaka Gitaa 11:04
Umoja wa Mataifa utakuja kunifungulia saa 8 usiku nikitoka kupiga muziki?

Wakili Mtarajiwa 11:06
Hautakuja. Ndiyo maana nasema tuandike mapema.

Mama Pacha 11:10
Haya, barua. Moja, ya sote, majina na sahihi. Tunauliza mambo matatu: msimamizi ni nani na nani amemteua, ongezeko linaanzia kipengele gani, na kitasa kinabadilishwa kwa nini. Akipokea asaini nakala yetu. Naandika leo, kesho jioni tunasaini ngazini. Nani yumo?

Mama Pacha 12:30
Nani yumo?

Mama Pacha 13:45
Jamani.

Fundi wa 2 14:02
Mwaka juzi tuliambiwa hivi hivi, barua ya paa. Ikaishia wapi?

Mama Pacha 14:03
Iliishia kwangu! Mlisema mtasaini wote, asubuhi kila mtu ana safari. Nikabaki PEKE YANGU kwenye ile karatasi. Wewe Fundi ulinijibu kalamu imekauka.

Fundi wa 2 14:04
Ilikauka kweli

Mlango wa 8 14:06
Na pesa ya tangi je, na yenyewe ilikauka?

Fundi wa 2 14:06
Usianze.

Mlango wa 8 14:07
Nauliza tu.

Fundi wa 2 14:09
Nilishatoa hesabu. Kama hukuwepo siyo kosa langu. Mtu aliyetuma kodi kwa asiyemjua ananiuliza mimi hesabu!

Kaka Gitaa 14:10
🍿

Mama Pacha 14:11
Tangi siyo leo. Tafadhalini. Tangi SIYO LEO.

Bibi wa Chini 16:25
Hii ni mjukuu anaandika. Bibi amesema niandike alivyosema, nisipunguze.

Bibi wa Chini 16:38
"Nimesomewa yote. Mama Pacha, hukubaki peke yako kwenye ile karatasi. Ulikuja kwangu usiku na tochi, nikasaini chini ya jina lako. Tulikuwa wawili. Mzee hakuniitikia salamu miezi mitatu, na mimi sikumwambia mtu.
Mkataba wangu una jina la marehemu. Tangu azikwe risiti zinaandikwa jina langu, kwa mkono wa mzee mwenyewe, na zote ninazo, hakuna iliyopotea. Lakini mkataba ni wa marehemu. Wakitaka kuanza na mtu, wataanza na mimi.
Kwa hiyo leo sitangulii. Nikiyaona majina yenu yote, langu nitaliweka mwisho. Nisipoyaona, msije na tochi."

Dada Nesi 16:52
Shikamoo Bibi 🙏🏾

Mpangaji Mpya 16:55
Shikamoo Bibi.

Mama Pacha 17:20
Bibi nisamehe. Ni kweli. Nimelisimulia hili mara nyingi mpaka nikakusahau humo ndani.

Bibi wa Chini 17:31
Anasema marahaba wote. Na Mama Pacha amesikika.

Wakili Mtarajiwa 17:40
Bibi, hizo risiti ni kitu kikubwa. Mtu akikupokelea kodi miaka yote na kukuandikia jina lako, ni vigumu kuja kusema hakujui kuwa ni mpangaji wake. Naomba nije nizipige picha, moja moja, nakala zikae na mimi na zikae na mjukuu. Na suala la jina kwenye mkataba tuliombe kwa maandishi peke yake, tusilichanganye na barua ya kodi.

Bibi wa Chini 17:44
Anasema uje. Uvue viatu.

Mlango wa 8 18:15
Mzee amejibu!!! Nanukuu: "Huyo ni mwanangu. Hela nimeiona. Kodi itapanda kweli, mambo yamekuwa magumu. Hayo ya kuondoka mwisho wa mwezi sikumtuma."

Kaka Gitaa 18:16
Mwanangu! Yule aliyekuwa anatupigia mpira kwenye madirisha?

Fundi wa 2 18:17
Sasa amekua, anatupigia kodi

Wakili Mtarajiwa 18:20
Mlango wa 8 usiifute hiyo hata ukibadilisha simu. Ameandika mwenyewe kwamba hajamfukuza mtu. Na kwamba hela yako ameiona.

Mlango wa 8 18:21
Kwa hiyo sikuibiwa 😌

Wakili Mtarajiwa 18:22
Hukuibiwa. Umelipa bei mpya kabla ya wakati, anaweza kusema umeikubali. Mwandikie leo kwamba ziada ihesabiwe kwenye kodi ya mwezi unaofuata.

Mlango wa 8 18:22
😐

Fundi wa 2 18:30
Basi barua haina haja tena, mzee amejibu.

Mama Pacha 18:31
Amemjibu mtu mmoja kwa simu! Kodi bado inapanda, lini na kwa kiasi gani kwa nani hajasema. Mlango umepimwa. Barua iko pale pale. Kesho saa 12 jioni, ngazini.

Dada Nesi 18:50
Kesho nina zamu ya usiku. Keshokutwa?

Kaka Gitaa 18:52
Keshokutwa nina shoo

Mpangaji Mpya 18:55
Mimi nipo siku zote mbili. Nasaini.

Wakili Mtarajiwa 18:56
Nipo.

Mama Pacha 18:57
Watatu. Dada Nesi nitakuletea mlangoni kabla hujatoka. Wanne. Kaka Gitaa nakufuata huko huko kwenye shoo.

Kaka Gitaa 18:59
Njoo, kiingilio bure kwa wenye barua

Mlango wa 8 19:20
Nasaini nikishamjua huyo mtoto vizuri

Mama Pacha 19:21
Fundi?

Mama Pacha 19:48
Fundi wa 2, naona uko mtandaoni.

Fundi wa 2 20:05
Bibi akisaini nitasaini.

Mama Pacha 20:05
Bibi anakusubiri WEWE. Hukusoma?

Bibi wa Chini 20:11
Bibi amelala. Ila kabla ya kulala alisema mwambieni Fundi kalamu anayo.

Fundi wa 2 20:30
Sawa. Kesho.

Mama Pacha 20:31
Nakala tatu. Ya mzee, ya Wakili, ya Bibi.

Mlango wa 8 20:34
Na hizo kopi nani analipia?

Fundi wa 2 20:34
Usianze.