Naomba ushauri: naishi na familia ugenini, nafundisha kwa kujitolea

Habari zenu wakuu. Hii ni wiki ya tatu naishi na familia niliyoipata kupitia Workaway, tovuti inayounganisha wanaojitolea na wenyeji wa kuwapokea. Tulikubaliana nifundishe Kiingereza masaa matano kwa siku, wao wanipe chumba na chakula. Sasa hata usiku binti yao mdogo ananigongea mlango, daftari kalikumbatia kifuani, na moyo unakataa kumrudisha. Asubuhi darasani nasinzia. Nimwambieje mama mwenye nyumba, aliyenipokea kama mwanawe, bila kumvunja moyo?

Zaidi ya hilo, niliingia kwa viza ya utalii, na nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi hata kama hulipwi. Niende uhamiaji mwenyewe au nianzie kwa mwenyeji wangu? Aliyepitia haya anisaidie tafadhali.