Wakuu, wushu nichague taolu au sanda? Goti langu bovu

Habari zenu wakuu. Niko Beijing kimasomo, muhula huu nimechukua wushu, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina, kama somo la michezo. Mwalimu anataka jibu Ijumaa: taolu (miondoko iliyopangwa) au sanda (kupigana kwa ngumi, mateke na kubwagana). Nimeenda kuchungulia taolu, vijana wanaruka, wanazunguka hewani, wakitua majaji wanatoa alama. Hakuna anayempiga mtu! Mimi nimekulia vibanda vya video, nilijua nakuja kufundishwa ngumi. Nina miaka 23, kilo 78, goti la kushoto liliteguka kwenye mpira.

Kichwa Ngumu: Sanda. Hayo mengine ngoma tu.

Binti Pangani: Ngoma? Jet Li kabla ya sinema alikuwa bingwa wa China wa hizo "ngoma". Mkuu, kanuni za mashindano ya taolu zilitoka 1959, sanda ikaanza kufanyiwa majaribio 1979, ndiyo maana unaona kama michezo miwili tofauti. Kwenye taolu alama ni 10: ubora wa miondoko 5, onyesho kwa ujumla 3, ugumu 2. Hizo 2 ndizo zinazomaliza magoti. Unazunguka nyuzi 720 hewani, ukiyumba wakati wa kutua wamekukata.

Mleta uzi: Duh. Basi sanda.

Fundi Mieleka: Taratibu. Ulingo wa sanda ni jukwaa la mita 8 kwa 8, limeinuka sentimita 80, halina kamba. Ukisukumwa unaenda chini kwenye magodoro. Halafu wanadaka teke lako na kukubwaga, na mguu uliobaki chini ndio unaosokoteka. Wewe utaangukia uzito wa kilo 80, huko hawana huruma. Daktari kashaliona hilo goti?

Mleta uzi: Bado. Na mbona Olimpiki siuoni huu mchezo?

Binti Pangani: 2008 walifanya mashindano hapo hapo Beijing sambamba na Olimpiki, ila hayakuhesabiwa kwenye medali. Sasa umeingizwa Olimpiki ya Vijana, Dakar 2026. Wewe umri umeshakutupa, pole 😂. Muulize mwalimu kama kuna taijiquan (tai chi, ile ya polepole) ya miondoko 24, ile iliyopangwa 1956. Hakuna kuruka kwa kuzunguka. Ila usichuchumae sana, na goti lisipinde kwenda ndani.

Kichwa Ngumu: Ya wazee wa bustanini hiyo.

Mleta uzi: Wazee wenyewe nawaona kila asubuhi, magoti yao mazima kuliko langu. Kesho naanza na daktari.