Mwani wa buluu-kijani: muundo wa seli unatufikisha wapi katika uainishaji?

Mwalimu wa Biolojia, Kigoma:
Ndugu zangu, habari za kazi. Wiki iliyopita tulichota maji yenye utando wa kijani ufukweni Kibirizi, na kwa hadubini ya shule tukaona nyuzi zilizopangika kama shanga. Nilipowaambia wanafunzi kwamba huo ni mwani wa buluu-kijani, nao ni bakteria, mmoja akanibana: ikiwa wana klorofili na hutoa oksijeni kama mmea wa muhindi, kwa nini wasiitwe mimea? Nimjibu nini, na je, hadubini hii ya kawaida inatosha kuwaainisha zaidi?

Jibu kutoka Tabora:
Mwalimu, mwanafunzi wako ana haki ya kuuliza, maana hata wataalamu wa mimea waliuhesabu mwani huu kuwa mmea kwa muda mrefu. Rangi ndiyo inayopotosha. Seli ya muhindi huhifadhi DNA ndani ya kiini chenye utando, na klorofili yake imo katika kloroplasti, yaani vifuko vidogo vya kijani ndani ya seli. Seli ya mwani huu haina kiini wala kloroplasti, bali DNA yake haikuzungukwa na utando wowote, na tando zenye klorofili zimetandazwa humohumo katika sitoplazimu, yaani ute unaojaza seli. Ukuta wake nao una peptidoglikani, kemikali ya sukari na vipande vya protini, kama wa bakteria wengine wengi, wakati ule wa muhindi ni wa selulosi. Mwaka 1962 wanasayansi wa bakteria Stanier na van Niel waliutumia muundo huu wa ndani kueleza bakteria ni nini hasa, na mwani wa buluu-kijani ukaangukia upande huo.

Jibu kutoka Ujiji:
Naongeza kuhusu shanga. Tafuteni seli yenye ukuta mnene na rangi iliyopauka kuliko jirani zake: hiyo ni heterosisti, ambayo hunasa nitrojeni ya hewa, na ukuta wake hupunguza oksijeni inayoingia, kwa kuwa oksijeni huharibu kimeng'enya cha kazi hiyo. Mkiiona, mko katika kundi la mwani wa buluu-kijani lenye jenasi za Nostoc na Anabaena, ambalo DNA imethibitisha kuwa ni ukoo mmoja. Nyuzi zisizo na heterosisti, na seli zinazoishi mojamoja, zisiwadanganye kwa kufanana, kwa sababu umbo moja hupatikana katika koo tofauti. Tena wanafunzi wasionje maji hayo. Baadhi ya aina hutoa sumu.

Mwalimu wa Biolojia, Kigoma:
Asanteni sana. Tumechota tena leo, na heterosisti tumeziona, mbili katika uzi mmoja. Sasa yule yule anauliza kloroplasti ya muhindi ilitoka wapi.

Jibu kutoka Tabora:
Mwambie ilitokana na bakteria wa jamii hiyohiyo, aliyemezwa na seli nyingine zamani sana akabaki humo, na hadi leo kloroplasti ina DNA yake yenyewe.