Hivi kwenye tamthilia zetu dada wa kazi lazima awe mshamba au mwizi wa waume?

Wadau naomba tulijadili hili bila matusi. Juzi usiku tupo sebuleni tunaangalia tamthilia, sisi kwenye makochi, dada anayetusaidia kazi yuko pembeni anapiga pasi sare za watoto, ikafika sehemu binti wa kazi anaingia na trei ya juisi, mama mwenye nyumba anamfokea "kwenu porini hamjui hata glasi?", wanangu wakaangua kicheko. Nikamwangalia dada, hakucheka, pasi imetulia palepale juu ya kola mpaka ikaanza kunukia kuungua. Iliniuma sana.

Najua kuna watakaosema aah hayo ni maigizo tu na ndo hali halisi ya mtaani. Hali halisi ipi jamani? Tajiri wa kwenye tamthilia anashinda kwenye jumba la ghorofa ameshika simu, ana "kampuni" ambayo hatujui inauza nini, ila maskini anaonyeshwa mpaka ndala ilivyoisha kisigino. Na binti akiwa katokea Iringa au Singida basi lafudhi lazima ivutwe mpaka ikatike, na asipokuwa mshamba basi anaenda kwa mganga amchukue baba mwenye nyumba. Hana mdogo wake anayemsomesha wala hadai mshahara wake. Wakati stori iko hapohapo, amri ya serikali ya Tanzania ya kima cha chini cha mishahara ya 2022 ilisema dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida asilipwe chini ya 60,000 kwa mwezi, haya niambieni wangapi mtaani kwenu wanaifikisha? Mtu ukizoea kumcheka kila usiku, ukimpa elfu arobaini unajiona umemsaidia.

Wakenya walijitahidi kidogo, kwenye vichekesho vyao vya runinga Papa Shirandula, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa askari wa getini anayemficha mkewe kazi anayofanya. Ndio, lafudhi yake watu waliicheka sana tu, ila yule mzee alikuwa na kwake, ana mke, ana aibu yake anayoihangaikia, na stori ilikuwa yake sio ya bosi.

Sasa mwenye kuijua tamthilia yetu ambayo dada wa kazi ana hata siku moja ya kupumzika naomba aitaje hapa nikaitafute, maana wa kwangu jana saa ya tamthilia ilipofika alibeba pasi na nguo akahamia chumbani.