Tupeane uzoefu: mwanao alipodhalilishwa mtandaoni, ulifanya nini?

Mama wa Uyole
Habari za baridi, ndugu zangu. Binti yangu yuko kidato cha pili, bweni. Huko simu haziruhusiwi, kwa hiyo anaishika likizo tu. Juni hii, siku ya nne tangu afike, akaacha kula. Nikimtuma Mwanjelwa, kichwa kinauma. Nikadhani malaria, tukapima, hakuna kitu.

Kumbe siku ya kufunga shule kuna mtu alimpiga picha stendi ya Nane Nane, amesinzia juu ya begi, mdomo wazi. Wakaigeuza stika kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao. Kila akiandika neno, anajibiwa kwa sura yake mwenyewe, mpaka saa saba usiku.

Mimi nikampokonya simu. Akaniangalia, akasema, "Ndiyo maana sikukwambia, mama." Rafiki yake mmoja aliyekuwa akimtetea alikuwa kwenye simu hiyohiyo, naye nikawa nimemfungia mlango. Waliopitia haya, mlifanyaje?

Mwalimu, Kihesa
Kamwene mama, pole sana. Mimi ni mwalimu wa malezi, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lako. Mwanafunzi wetu alifunguliwa akaunti feki yenye picha yake na maneno machafu. Nikalitangaza mstarini asubuhi, nikakemea kwa ukali, nikijua namlinda. Nusu ya shule walikuwa hawajaiona hiyo akaunti. Wikiendi ile wote wakaitafuta. Yule kijana hakurudi shule kwa wiki mbili.

Siku hizi sisemi hadharani. Namuuliza kwanza aliyeumizwa anataka nani ajue. Kisha naita wazazi wa aliyetenda, faragha, bila fimbo mezani. Wengi hawana habari kabisa. Simu ni ya baba, mtoto huazima usiku.

Dada wa Makambako
Nina miaka 20 sasa. Kidato cha tatu mimi nilikuwa nasambaza, sikutengeneza chochote. Niliogopa nikinyamaza watanigeukia mimi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza.

Mjomba, Tukuyu
Mama wa Uyole, kabla hamjafuta chochote pigeni skrinshoti, namba na tarehe zionekane. Sisi tulifuta kwa hasira, tukafika polisi mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inataja unyanyasaji huu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Polisi nendeni Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Ila picha ikiwa ya utupu, msiitume kwa ndugu hata kwa jina la ushahidi. Kusambaza ya mtoto ni kosa lingine zito. Kwa stika ya usingizi, mimi ningeanza na wazazi.

Mama wa Uyole
Asanteni. Jana usiku nilimrudishia simu, nikamwomba radhi. Tukakaa jikoni karibu na mkaa, akanionyesha ujumbe mmoja mmoja, mimi kimya. Tumehifadhi zote. Leo nimempigia mama wa aliyetengeneza stika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Naomba nije naye kwako." Wanakuja Jumamosi. Binti amekubali, ila anataka na mama yake mdogo awepo.